Kuhamishiwa nchi jirani: barua ya uhamisho si kibali cha kazi

Kampuni za Afrika Mashariki zimezoea kuvuka mipaka. Benki ya KCB ya Kenya iliingia Tanzania mwaka 1997. Benki ya CRDB ya Tanzania ilianza kazi Burundi mwaka 2012, kisha ikafungua milango Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 2023. Kundi la Equity lenye makao makuu Nairobi nalo lina benki katika nchi kadhaa za jumuiya, Kongo ikiwamo. Kampuni za bima, za usafirishaji na za viwandani zimefuata njia hiyo hiyo.

Kila upanuzi wa aina hiyo huambatana na watu. Yuko meneja anayetumwa kufungua ofisi mpya, mhasibu anayepelekwa kusimika mfumo wa hesabu, na fundi anayehitajika kuwafundisha wenyeji mtambo ambao yeye ameutumia kwa miaka mingi. Kwa kampuni, mtu huyo ni mfanyakazi yule yule aliyebadilishiwa kituo. Kwa serikali ya nchi anakokwenda, ni mgeni anayeomba kufanya kazi.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Barua ya uhamisho ni hati ya ndani ya kampuni, nayo haina nguvu mbele ya afisa wa uhamiaji. Mambo yakiharibika, anayeulizwa maswali mpakani ni mfanyakazi mwenyewe, si idara ya utumishi iliyoiandika barua hiyo.

Kuingia nchini si kuruhusiwa kufanya kazi

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki amepata wepesi mkubwa wa kusafiri. Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kutumia vitambulisho vya taifa bila pasipoti. Kanuni za Soko la Pamoja zinaruhusu mgeni kutoka nchi mwanachama kupewa, bila malipo, pasi ya kukaa hadi miezi 6.

Wepesi huo umewapotosha wengi. Mhuri wa miezi 6 unaopigwa mpakani ni wa mgeni anayetembea, anayewasalimu jamaa au anayepita njia. Haumruhusu kukalia meza ya ofisi na kulipwa mshahara. Mfanyakazi anayeambiwa na mwajiri wake, “tangulia, kibali kitafuata,” anaweza kuwa ameingia nchini kihalali kabisa, na papo hapo akawa anavunja sheria kila asubuhi anapofika kazini.

Adhabu zake si ndogo. Nchini Kenya, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inaweka faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa makosa ya uhamiaji likiwamo la kufanya kazi bila kibali. Tanzania nayo inamwadhibu mwajiri anayemtumia mgeni asiye na kibali, na mgeni mwenyewe pia. Juu ya adhabu ya mahakama kuna kufukuzwa nchini, jambo ambalo huacha alama katika kumbukumbu za mtu na kumsumbua kila anapoomba kibali kwingine.

Itifaki ya Soko la Pamoja inasema nini

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini tarehe 20 Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 10 inahusu uhuru wa wafanyakazi kuhama. Inakataza ubaguzi wa uraia katika ajira, ujira na masharti mengine ya kazi. Inampa mfanyakazi haki ya kuomba kazi, kuingia katika mkataba, kukaa nchini kwa ajili ya kazi hiyo, na kujiunga na chama cha wafanyakazi kama wenyeji. Kazi za utumishi wa umma hazimo katika uhuru huo, isipokuwa pale sheria ya nchi inaporuhusu. Aidha, nchi inaweza kuuwekea mipaka kwa sababu za usalama, afya ya jamii au maslahi ya umma.

Hata hivyo, Itifaki haikufuta vibali vya kazi. Ilichofanya ni kuuwekea utaratibu wake muda maalumu. Kwa mujibu wa kanuni zilizoambatishwa, mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Mamlaka husika nayo inatakiwa kutoa kibali ndani ya siku 30 tangu kupokea maombi, kwa kipindi cha kwanza kisichozidi miaka 2, ambacho kinaweza kuongezwa. Mwenye mkataba usiozidi siku 90 hupewa pasi maalumu badala ya kibali.

Uhuru huo pia haukufunguliwa kwa kila fani. Kila nchi iliambatisha orodha yake ya aina za wafanyakazi iliokubali kuwapokea, na orodha hizo hazifanani. Nchi moja inaweza kuwa imefungua mlango kwa wataalamu na mafundi kwa upana, ilhali jirani yake imetaja taaluma chache kwa majina na kiwango cha elimu kinachotakiwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Itifaki haikuweka viza ya pekee kwa mfanyakazi anayehamishwa ndani ya kampuni moja. Marekani ina viza ya daraja la L-1 kwa mameneja na wataalamu waliokwisha kuitumikia kampuni nje ya nchi kwa angalau mwaka 1. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2014 maelekezo yanayomruhusu meneja au mtaalamu wa aina hiyo kukaa hadi miaka 3. Katika Afrika Mashariki, anayehamishwa hupita mlango ule ule wa mwajiriwa mpya, na miaka aliyoitumikia kampuni nyumbani si sifa inayomfungulia njia ya mkato.

Tawi au kampuni tanzu?

Katika mazungumzo ya kawaida, ofisi yoyote ya nje huitwa tawi. Kisheria kuna tofauti kubwa. Tawi ni sehemu ya kampuni mama iliyosajiliwa kufanya kazi katika nchi nyingine. Kampuni tanzu ni kampuni kamili ya nchi hiyo, yenye usajili wake, bodi yake na madeni yake, hata kama hisa zake zote ni za kampuni mama. Benki nyingi za kanda hii zimeanzisha kampuni tanzu, kwa sababu benki kuu za nchi husika hutaka kuzisimamia zenyewe.

Tofauti hii inamgusa mfanyakazi moja kwa moja, kwa kuwa kibali cha kazi hutaja mwajiri. Anayepelekwa kwenye kampuni tanzu anakuwa, mbele ya sheria ya nchi mwenyeji, mwajiriwa wa kampuni nyingine. Endapo mkataba wake na kampuni mama utafutwa siku anapoondoka, miaka yake ya utumishi inaweza kuhesabiwa kuwa imekatika. Endapo atakuwa ameazimwa tu, yaani mkataba wa nyumbani unaendelea huku akifanya kazi kwa muda katika kampuni tanzu, basi ana mahali pa kurudi. Barua nyingi za uhamisho hazisemi ni lipi kati ya hayo mawili linalokusudiwa.

Ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba kibali hakiwezi kutumika kwa mwajiri mwingine. Mfanyakazi akiachishwa kazi, au akipata nafasi nzuri zaidi katika kampuni ya mtaa wa pili, kibali alichonacho hakimfuati huko. Mwajiri mpya hulazimika kuanza maombi upya.

Namna nchi zinavyotofautiana

Nchini Kenya, waajiriwa wengi wa kigeni huombewa kibali cha daraja la D, na mwombaji hutakiwa kuonyesha kwamba ujuzi unaohitajika haupatikani kwa urahisi miongoni mwa Wakenya. Kwa kazi za muda mfupi kuna pasi maalumu. Kenya, Rwanda na Uganda zimeondoleana ada za vibali vya kazi kwa raia wao, hatua ambayo imepunguza gharama za uhamisho kati ya nchi hizo tatu. Kuondolewa kwa ada, hata hivyo, hakumwondolei mtu wajibu wa kuomba.

Tanzania hutaka hati mbili kutoka ofisi mbili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya Sheria ya Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji, na kwa waajiriwa huwa ni cha daraja la B. Kupata kimoja si kupata vyote viwili. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24, na kinaweza kuongezwa hadi kikomo kilichowekwa na sheria. Mwajiri anatakiwa pia kuwasilisha mpango wa urithishaji, unaoonyesha ni Mtanzania yupi atakayefundishwa na lini ataichukua nafasi hiyo.

Sharti hilo huwaudhi baadhi ya waajiri, lakini msingi wake unaeleweka. Vijana wengi wenye shahada hawana ajira katika kila nchi ya jumuiya, na serikali inayowapokea wageni bila swali hujikuta ikiulizwa maswali bungeni. Anayehamishwa anafaa kujua tangu mwanzo kwamba, mbele ya sheria, sehemu ya kazi yake ni kumwandaa mrithi wake.

Uganda huwaweka waajiriwa katika daraja la G, na maombi hushughulikiwa na Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji. Rwanda inapokea maombi kwa njia ya mtandao kupitia jukwaa la Irembo, na uamuzi hutolewa na Kurugenzi Kuu ya Uhamiaji.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyojiunga na jumuiya mwaka 2022, bado inatumia zaidi utaratibu wake wa kitaifa. Mgeni huhitaji kadi ya kazi kutoka mamlaka za ajira pamoja na viza ya ukaazi wa kazi, ambayo inashughulikiwa na idara ya uhamiaji iitwayo DGM. Sheria za kazi za nchi hiyo zinaweka pia kiwango cha juu cha wageni ambao kampuni inaweza kuwaajiri. Kiswahili humsaidia mgeni sokoni na mitaani Goma, Bukavu na Lubumbashi, lakini lugha ya ofisi za serikali ni Kifaransa, hivyo vyeti vilivyoandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili huhitaji tafsiri inayokubalika. Somalia, iliyojiunga mwaka 2024, nayo iko katika hatua za mwanzo za kuoanisha sheria zake na za wenzake.

Mke, mume na watoto

Itifaki inatambua kwamba mfanyakazi ana familia. Mwenzi wake na watoto wake wana haki ya kufuatana naye, na wanaweza kuajiriwa au kujiajiri kwa kufuata sheria za nchi mwenyeji. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Kwa kawaida mwenzi hupewa pasi ya mtegemezi, nayo humruhusu kuishi nchini, si kufanya kazi. Mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara anayemfuata mwenzi wake ng'ambo ya mpaka hulazimika kuomba kibali chake mwenyewe. Hata akiwa na kibali, zipo taaluma ambazo lazima asajiliwe kwanza na baraza la taaluma yake katika nchi hiyo. Mabaraza ya wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo katika baadhi ya nchi za jumuiya yamekwisha kutia saini makubaliano ya kutambuana, lakini fani nyingine nyingi bado.

Kwa familia inayotegemea mishahara miwili, jambo hili hubadilisha hesabu yote. Nyongeza inayotangazwa katika barua ya uhamisho inaweza kumezwa yote na mshahara wa mwenzi uliopotea na karo ya shule mpya. Isitoshe, pasi ya mtegemezi hutegemea kibali cha mwenye kazi. Kibali kikikoma, familia nzima hupoteza haki ya kukaa nchini kwa siku moja.

Kodi na akiba ya uzeeni

Katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, mtu anayekaa nchini siku 183 au zaidi katika kipindi cha mwaka kinachohesabiwa na sheria ya nchi husika huhesabiwa kuwa mkaazi kwa madhumuni ya kodi. Aliyehamishwa katikati ya mwaka anaweza kujikuta akidaiwa na mamlaka za mapato za nchi mbili. Nchi wanachama zilitia saini mkataba wa kuzuia kodi kutozwa mara mbili mwaka 2010, lakini utekelezaji wake umekwama kwa sababu haukuridhiwa na nchi zote zilizoutia saini. Kwa hiyo ulinzi wa mfanyakazi hutegemea sheria ya kila nchi, na zaidi hutegemea kama kampuni yake imekubali kwa maandishi kulipa tofauti itakayojitokeza.

Akiba ya uzeeni ni suala gumu zaidi, kwa kuwa hasara yake huonekana baada ya miaka mingi. Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ina mfuko wake unaoitwa NSSF. Majina yanafanana, lakini mifuko haina uhusiano. Rwanda ina RSSB, Burundi ina INSS, na Kongo ina CNSS. Itifaki iliagiza Baraza la Mawaziri litunge kanuni kuhusu mafao ya hifadhi ya jamii, lakini bado hakuna utaratibu wa jumla wa kuunganisha michango ya mfanyakazi aliyeyahama mataifa mawili au matatu. Aliyechangia miaka 8 katika nchi moja na miaka 9 katika nyingine anaweza kuwa na miaka 17 ya kazi, na asifikishe kiwango cha chini cha kupata pensheni ya kila mwezi katika nchi yoyote kati ya hizo mbili.

Ndiyo maana baadhi ya wanaohamishwa huomba kuendelea kuchangia mfuko wa nyumbani kwa muda wote walioazimwa. Ombi hilo huwezekana zaidi pale mkataba wa nyumbani unapobaki hai, na hutakiwa kuafikiwa kabla ya kuondoka.

Anapokataliwa

Maafisa wa uhamiaji wana mamlaka mapana, lakini mamlaka hayo yana mipaka. Mwezi Aprili 2011, wakili wa Kenya Samuel Mohochi alizuiwa kuingia Uganda alipotua uwanja wa Entebbe, akarudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Alifungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Mwezi Mei 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba kumzuia raia wa nchi mwanachama bila kumweleza sababu wala kufuata utaratibu wa haki kulikiuka Mkataba wa Jumuiya pamoja na Itifaki ya Soko la Pamoja.

Shauri hilo lilimhusu msafiri, si mwombaji wa kibali cha kazi, lakini kanuni iliyowekwa inamfaa pia mfanyakazi: raia wa jumuiya anastahili kuambiwa sababu. Anayenyimwa kibali anafaa kuomba sababu hizo kwa maandishi na kutunza kila hati. Muda nao ni mfupi. Mkataba wa Jumuiya unampa mtu miezi 2 tu, tangu kitendo anacholalamikia au tangu alipokijua, kufungua shauri Arusha.

Yanayofaa kuandikwa kabla ya safari

Wanaofahamu masuala ya ajira hushauri kwamba barua ya uhamisho isipokewe kwa kutia saini siku hiyo hiyo. Yapo mambo machache ambayo mfanyakazi ana haki ya kuyaona kwa maandishi kwanza:

• Jina la kampuni itakayokuwa mwajiri wake katika nchi anakokwenda, na kama mkataba wa nyumbani unaendelea au umekoma.

• Nani anaomba kibali, nani anakilipia, na kwamba safari haitaanza kabla kibali au pasi maalumu haijatolewa.

• Nani atabeba faini, gharama za wakili na nauli endapo hitilafu ya kibali itatokana na uzembe wa mwajiri.

• Hali ya mwenzi na watoto: pasi zao, karo, bima ya afya na nauli ya kurudi.

• Mfuko upi wa hifadhi ya jamii utaendelea kuchangiwa, na nani atalipa kodi ikitozwa mara mbili.

• Cheo na mshahara atakaorudia nyumbani muda wa uhamisho ukiisha, na muda atakaopewa kuhama endapo ajira itakoma mapema.

Hakuna sheria ya jumuiya inayomlazimisha mwajiri kuyaandika yote hayo. Nguvu ya mfanyakazi ya kuyadai huwa kubwa kabla hajaondoka, wakati kampuni bado inamhitaji avuke mpaka. Akisha kufika, kibali chake kikiwa na jina la mwajiri mmoja tu na watoto wakiwa wameanza muhula, nguvu hiyo huwa imehamia upande wa pili wa meza.